Mama Avuka Atlantiki Mguu Umenyooka

Kwa miaka sita niliuza viti ambavyo mwenyewe sikuwahi kuvikalia. Ofisi yetu ya tiketi ilikuwa Qurum, mjini Muscat, ghorofa ya chini, kati ya duka la miwani na duka la maua, na wateja wetu wengi walikuwa wahandisi wa mafuta na wake zao. Mtu anaacha gari nje linanguruma ili lisipoteze ubaridi, anaingia, anasema, "Houston, Jumanne, daraja la biashara," halafu anatoka bila kuuliza bei. Nami namkatia. Vile viti nilivijua kwa namba. Nilijua kipi kiko karibu na jiko, kipi ukikilaza kinagonga ukuta. Lakini kila nilipopanda ndege mimi, nilipita katikati yake nikielekea nyuma, begi nimelikumbatia kifuani, macho chini, kama mtu anayekatisha sebuleni kwa watu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho mke wa kaka yangu alipojifungua mapacha, Toronto. Kaka alikwenda kule kusoma, akapata kazi, akaoa, na Muscat akawa anakuja wiki mbili kila baada ya miaka miwili. Mama alipopewa habari kwa simu alipiga vigelegele peke yake sebuleni kwetu Bawshar, mtaa uliojaa watu waliotoka Afrika Mashariki kama sisi, mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Kisha akakaa kitako, akautazama mguu wake wa kulia.

Mguu huo aliuvunja kwenye nyonga mwaka mmoja nyuma, alipoteleza kwenye ngazi za nje alizokuwa amezimwagia maji mwenyewe. Daktari alimtia chuma, akawa anatembea kwa bakora vizuri tu. Kilichomshinda ni kukaa amekunja goti. Saa mbili, tatu, anavumilia. Baada ya hapo mguu unakufa ganzi, halafu unaanza kuwaka.

"Mimi kwenda nataka," aliniambia usiku ule wakati nikimkanda. "Nna hamu nao hao watoto mpaka mikono inaniwasha. Lakini mguu huu ukikunjwa kutwa kucha unakuwa si wangu tena. Sitaki kufika kwa wajukuu nimebebwa kama gunia."

Nilimpeleka kwa daktari. Akasema asafiri, hakuna tatizo, mradi apate kunyoosha mguu sehemu kubwa ya njia. Alilisema jambo hilo kwa wepesi, kama vile kunyoosha mguu ndani ya ndege ni bure. Mimi ndiye niliyekuwa najua gharama yake. Nauli ya daraja la biashara kutoka Muscat hadi Toronto ilikuwa inatosha kununua gari dogo, tena jipya. Kaka akasema kwenye simu, "Mlete daraja la kawaida tu, mpe dawa ya usingizi." Mama aliyasikia kwa sababu kaka hajui kusema taratibu. Akaninyang'anya simu.

"Hiyo dawa kanywe wewe unayeamshwa na mapacha," alimwambia. "Mimi nataka pa kuweka mguu."

Bosi wangu alikuwa mzee wa Kigoa aliyezaliwa Unguja, akapitia Bombay, akaishia Muscat, na katika kuhamahama kote huko Kiswahili chake hakikupungua hata neno. Nilimweleza habari ya Mama asubuhi moja kabla wateja hawajaingia. Alikuwa anachonga penseli. Hakuacha kuchonga.

"Wewe unatazama Muscat mpaka Toronto," alisema. "Nani kakwambia safari lazima iwe tiketi moja? Mpaka London atajikaza. Sehemu ngumu ni ile ya bahari, mguu umekwisha kuchoka. Itazame bahari peke yake."

"Nayo ni ghali, bosi."

"Lini?"

"Mwezi wowote."

"Mwezi wowote!" Aliweka penseli chini. "Binti, wenye suti mwezi wa nane wako wapi?"

Nikafikiri. "Likizo. Na watoto wao."

"Basi mikutano hakuna, na viti vyao vinaruka vitupu. Mashirika yanaona uchungu. Kwa hiyo yanapunguza, lakini hayapigi mbiu, maana mwenye suti akijua atataka kupunguziwa mwaka mzima. Kasome masharti. Usisome bei, soma masharti."

Masharti ya nauli siku zile yalikuwa kurasa na kurasa za maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi, kwa vifupisho ambavyo hata mimi niliyefundishwa nilivisoma kwa kidole. Nilikuwa nayaruka kila siku, kwani wahandisi hawakuyahitaji. Wiki ile nikayasoma wakati wa chakula cha mchana, sambusa mkono mmoja. Siku ya tatu nikaipata: London kwenda Toronto na kurudi, daraja la biashara, mwezi wa nane tu, chini ya nusu ya bei niliyozoea kuitaja. Ununue mwezi mmoja kabla. Ulale huko usiku wa Jumamosi. Ukibadilisha tarehe imekula kwako, ukighairi imekula kwako.

Na lilikuwapo sharti jingine. Ndani ya ndege abiria wote wa mbele wanakaa viti vya aina moja na wanakula chakula kimoja, lakini kwenye kompyuta kila nauli ina herufi yake, na kila herufi imegawiwa viti vichache vyake. Ndege inaweza kuwa tupu kule mbele na herufi yako ikawa imekwisha. Niliiangalia herufi yetu kwa siku zote za mwezi wa nane. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Viti vinarudi," bosi alisema. "Mtu anaghairi, mtu anagombana na mkewe. Uwe unaangalia asubuhi."

Basi nikawa nafika ofisini saa moja, simu hazijaanza kulia. Nilikuwa nimekwisha kupanga njia yote. Muscat mpaka London tungekwenda mchana, daraja la kawaida, safu ya kwanza ambako hakuna kiti mbele yako, ili Mama aweke mguu juu ya begi lake na ainuke kila akitaka. London angepumzika siku mbili kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyeishi huko tangu zamani. Siku mbili zile hazikuwa za kupumzika peke yake. Tiketi zikiwa mbili mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na wala haina haja ya kukuonea huruma. Kilichokosekana ni kiti cha kuvukia bahari.

Nyumbani, kila mchana nilipoingia mlangoni Mama aliniuliza kabla sijavua viatu, "Herufi imesemaje?"

"Bado."

"Iambie nnangoja."

Baada ya wiki mbili majirani nao walikuwa wakiuliza habari za herufi. Kuna bibi mmoja aliyedhani ni barua inayotoka ubalozini, akawa anatuombea dua ifike salama. Hatukumsahihisha.

Wiki ya tatu, Jumamosi, ambayo Muscat siku zile ilikuwa siku ya kwanza ya kazi, niliwasha mashine nikaandika maombi yangu kwa mazoea tu, na mahali penye sifuri pakawa na moja. Niliyafuta macho kwa ncha ya shela. Moja. Nikaandika jina la Mama kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu jina lile la Kiarabu kila karani aliyeliandika kwa Kizungu aliliandika kivyake, na mimi nimeona watu wakirudishwa mlangoni kwa ajili ya herufi moja iliyozidi. Mashine ikafikiri. Ikakubali. Nilipouliza tena kama kuna cha pili, ikanijibu sifuri.

Bosi alipoingia alinikuta nimesimama nyuma ya kiti changu nimeshika kiuno.

"Umepata?"

"Kimoja."

Alikwenda jikoni akanitengenezea chai kwa mkono wake, jambo ambalo katika miaka sita sikuwahi kuliona, na chai yenyewe ilikuwa mbaya sana.

Kwa upande wangu nilikata kiti cha daraja la kawaida kwenye ndege ileile, safu ya thelathini na nane. Mama nilimwambia tumepata. Sikusema tumepata nini na nini. Ningemwambia atakuwa mbele na mimi nyuma, angeniambia nikirudishe kile kiti, na masharti nimekwisha kuyataja.

Safari ya kwanza ilikwenda kama nilivyoichora. Mama aliweka mguu juu ya begi, akaukunja, akaunyoosha, akatembea mpaka jikoni kwa wahudumu na kurudi, akawa anajulikana. London alifika amechoka lakini amesimama. Mama mdogo alimkanda kwa mafuta ya habasoda siku mbili mfululizo, na katika siku mbili hizo sikumbuki kama mmoja wao alinyamaza.

Kisha ikaja ndege ya bahari. Mlangoni mhudumu aliitazama kadi ya Mama akamwonyesha mkono wa kushoto, akaitazama yangu akanionyesha wa kulia. Mama akasimama palepale. Nyuma yetu kulikuwa na foleni mpaka ndani ya ile njia ya kupandia.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kiti changu kiko upande huu, Mama. Karibu tu."

"Karibu wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Hapo sikusema uongo. Mama alinitazama kwa jicho ambalo nalifahamu tangu nina miaka mitano, lakini mhudumu alikwisha kumshika mkono kwa adabu, na mtu wa nyuma yetu alikwisha kukohoa. Akaenda.

Jirani yangu safu ya thelathini na nane alikuwa bibi wa Kijamaika mwenye kofia ya majani ameiweka mapajani asije mtu akaikalia. Alikuwa anakwenda Toronto kwa binti yake. Tulikula, trei zikaondolewa, tukazungumza saa nyingi. Nilikuwa nimeanza kusinzia, shingo imepinda, niliposikia Kiswahili.

"Mwanangu! Weye! Uko wapi?"

Mama alikuwa anakuja kwenye ujia, bakora mkono mmoja, kanga mabegani, miguuni soksi alizopewa na ndege. Alikuwa anachungulia kila safu, kulia na kushoto, kama anayetafuta kibanda alichokizoea sokoni. Nyuma yake alikuja mhudumu wa kike kabeba bakuli la aiskrimu, hajui amwite au amfuate. Watu walikuwa wanaamka. Niliinua mkono.

Alifika, akatazama safu yetu, akatazama magoti yangu yaliyogusana na kiti cha mbele.

"Kumbe huku ndiko karibu?"

"Mama, rudi ukalale."

"Nshalala. Nimelala mguu uko mbele yangu nauona. Nimeota, nimeamka, nimekula, nimelala tena. Nimechoka kulala. Na kule hakuna wa kusema naye, kila mtu kajifunika gubigubi. Inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Kwenye kiti changu. Zamu yako."

Nilijaribu kumweleza kwamba viti havibadilishwi namna hiyo. Wakati naeleza, akaja mkuu wa wahudumu, mwanamume mrefu mwenye mvi, akauliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia. Akasema anasikitika, taratibu haziruhusu.

"Kasemaje?" Mama aliuliza.

"Kasema haiwezekani."

"Mwulize kile kiti ni cha nani mpaka Toronto. Si changu? Halafu mwambie daktari kasema nitembee, na nikitembea lazima nifike mahali nikae."

Nilitafsiri yote, nikiona haya. Yule bibi wa Kijamaika akaingilia kati bila kualikwa. Alimwambia mkuu wa wahudumu kwamba yeye ni mama wa watoto watano, na kwamba mama akitaka mwanawe alale, hakuna taratibu ya shirika lolote itakayomzuia, kwa hiyo afadhali aokoe muda wake. Alihamisha kofia yake. Mama hakujua Kiingereza lakini aliijua sauti ile, akamshukuru kwa kichwa.

Mkuu wa wahudumu aliwatazama wale wazee wawili. Akaitazama bakora. Mwishowe akaniinamia.

"Saa moja na nusu," akasema. "Na mimi sijaona kitu."

Nilisimama, Mama akakaa pembeni mwa ujia, mguu ameutoa nje kidogo. Mhudumu akampa aiskrimu yake.

Nikapita pazia. Kiti cha Mama kilikuwa dirishani, blanketi limekunjwa vizuri, na juu ya mto ameacha tasbihi yake kuonyesha kuwa kina mwenyewe. Vifungo vyote nilivijua, nimewaeleza watu kwa simu mara mia: hiki cha mgongo, hiki cha kuinua miguu. Nisichokijua ni ile sauti, mvumo mdogo laini kiti kinapoinama, na jinsi miguu inavyopanda yenyewe mpaka unajiona umelegea mwili mzima bila kukusudia. Nikacheka peke yangu. Mwanamume wa kiti cha jirani akafungua jicho moja, akalifumba. Nikajiambia nisilale hata dakika, nikague kila kitu, niangalie taa, meza, nafasi ya viatu, ili nikirudi Qurum niwe ninauza ninachokijua.

Nililala. Nilikuja kuguswa bega na yule mwenye mvi.

"Tunakaribia kushuka, itabidi umrudishe mama yako."

Nikatazama saa. Zilikuwa zimepita saa mbili na robo. Alikuwa ameniacha nilale.

Kule nyuma, Mama na bibi wa Kijamaika walikuwa wametandaza picha za wajukuu kwenye meza mbili, kofia iko kichwani kwa Mama, na kanga ya Mama iko mabegani mwa mwenzake. Kiingereza cha Mama kilikuwa na maneno labda kumi. Bibi yule Kiswahili hakujua hata neno moja. Lakini Mama aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba binti wa huyu ni muuguzi, mkwe wake ni mvivu, na mjukuu mkubwa anasoma vizuri ila hali mboga. Nilipomwuliza bibi yule kwa Kiingereza, ikawa kweli yote.

"Mguu je?" nilimwuliza Mama nikimwinua.

"Nimeusahau," alisema, kisha akaukumbuka na kuanza kuchechemea.

Alitoka uwanjani Toronto kwa miguu yake. Kaka alikuwa amekuja na kiti cha magurudumu, Mama akakitumia kuwekea begi. Mapacha walikuwa mikononi mwa mama yao, mmoja amelala na mmoja analia. Mama alimpokea anayelia kwanza. Alikaa kwenye benchi la chuma, watu wakipita na mizigo yao, akamsomea dua sikioni, na mtoto akanyamaza. Kaka aligeuka akajifanya anatafuta tiketi ya maegesho. Nami nilikuwa nimetoa hanchifu.

Usiku ule kaka alimwuliza vipi huko mbele kwa matajiri.

"Kitanda kizuri, sikatai," Mama alisema. "Ila watu wako nyuma."

Tulikaa wiki tatu. Tuliporudi, habari ilikuwa imetutangulia, na Mama aliiongezea yeye mwenyewe kwenye kila harusi na kila maulidi. Baada ya mwezi wakaanza kuja ofisini: mabibi wa Bawshar wenye magoti, wazee wa Bustan wenye migongo, wana wao wako Boston au Montreal au Chicago. Wanaingia, wanawaruka wenzangu wawili mezani, wanakuja kwangu. "Wewe ndiye wa herufi?" Bosi alinipa meza ya pembeni yenye viti vipana. Niliwasomea masharti yote kwa Kiswahili, polepole, maana nilijua sharti lisiloelezwa ndilo linalomliza mtu uwanjani. Wakati mwingine herufi ilipatikana, wakati mwingine tulisubiri pamoja wiki kadhaa, wakinipigia simu kila asubuhi kana kwamba ni mimi ninayevificha viti.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, tiketi za karatasi zikaanza kutoweka na vijana wakawa wanatafuta nauli wenyewe kwenye mtandao. Wazee hawakuacha kuja. Namkumbuka mstaafu mmoja wa wizara, mzaliwa wa Tabora, aliyekuja na mkewe kwa ajili ya mahafali ya mtoto wao Washington. Nilitafuta, nikapata viti viwili siku ileile, jambo la nadra. Lakini kimoja kilikuwa dirisha la kushoto safu ya kwanza, na cha pili dirisha la kulia, safu ya mwisho.

"Havikukaribiana, mzee," nikamwambia. "Nikisubiri, huenda vikapatikana vya pamoja. Au visipatikane kabisa."

Alimgeukia mkewe kwa wasiwasi wa kweli. "Unasemaje, mama? Saa nane zote, wewe huko na mimi huku?"

Mkewe alikuwa amekwisha kufungua pochi na kutoa pasipoti zote mbili.

"Mkatie," akaniambia. "Upesi, kabla mashine haijabadili mawazo. Na mimi nipe hicho cha mbali zaidi. Huyu anakoroma."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Nami nikainama juu ya kibodi nikaanza kuandika majina yao.